Wembe Uwe Ule Ule: Mwongozo kwa Anayetaka Kubuni Kisu cha Fundi

Kabla hujashika penseli, ndugu mbunifu, nenda dukani kanunue wembe. Usiende kwenye duka kubwa la vifaa lenye vioo na kiyoyozi. Nenda kwa Mangi wa mtaani, anayeuza mafuta ya kupima na sabuni ya kipande. Muulize ana nyembe gani, kisha pita na duka dogo la vifaa vya ujenzi lililo jirani, uulize swali hilohilo. Utakachopewa kwenye maduka hayo mawili ndicho kisu chako kitakachotumia maisha yake yote. Kama hawana wembe wa kuingia kwenye kisu unachokiwazia, kisu hicho kimeshakufa, na umeokoa fedha za karatasi ya kuchorea.

Wabunifu wengi huanza na mpini. Wanauchora kwa mapenzi, wanauwekea mikunjo ya vidole, mpira wa rangi mbili na jina la kampuni kwa herufi za fedha. Siku ya mwisho wanakumbuka kwamba kisu kazi yake ni kukata, basi wanachomeka mbele kijiwembe chenye umbo ambalo halijapata kuonwa na mwanadamu. Kisu kinauzwa na nyembe tatu ndani ya boksi. Wa tatu ukifa, mwenye kisu anabaki na kifaa kizuri sana cha kujikunia mgongo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni kwamba wembe uwe ule ule: ule uliokwishaenea, ambao viwanda kumi vinautengeneza bila kuulizana. Usibuni wembe mpya. Narudia, kwa sababu najua mkono unakuwasha: usibuni wembe mpya.

Anayetaka ushahidi aangalie mashine ya kunyolea ndevu. King Camp Gillette alikuwa Mmarekani muuza vifuniko vya chupa, na wazo lake la mwaka 1895 lilikuwa kutengeneza wembe mwembamba unaotumika ukachakaa ukatupwa. Mafundi wa chuma walimwambia chuma chembamba namna hiyo hakikubali kukomazwa. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyepata njia. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza ya Marekani ilitoka Novemba 1904, na mashine iliuzwa dola 5, bei ambayo kwa kibarua wa wakati ule haikuwa ya mchezo.

Jambo la kujifunza hapo lilikuja baadaye. Hataza ziliisha nguvu mwaka 1921, na washindani wakaanza kuuza nyembe zao za kuingia kwenye mashine zilezile. Mwaka 1930, baada ya mzozo juu ya umbo la wembe, kampuni ya Gillette iliungana na mshindani wake AutoStrop. Makampuni yamepita, wanasheria wamelipwa, na dunia ikabaki na bamba la chuma lenye unene wa milimita 0.1, makali pande mbili na mpasuo mrefu katikati. Huo ndio wembe ulio kwenye rafu ya Mangi leo. Uliotengenezwa India, Urusi, Misri au Ujerumani, wote unaingia kwenye mashine aliyoacha babu yako. Linganisha na vichwa vya kunyolea vya kisasa, vya nyembe tatu, nne, hadi tano, ambavyo kila aina ina shingo yake. Mpini ukitolewa sokoni, vichwa vyake huanza kuadimika, na mteja anaanza kuhesabu ndevu zake moja moja.

Msumeno wa chuma ni mfano mzuri zaidi, maana fundi hata haufikirii. Wembe wake una matundu mawili, moja kila mwisho, na kutoka tundu hadi tundu ni milimita 300. Fremu ina vijiti viwili vya kuingia kwenye matundu hayo, na nati yenye masikio ya kukaza kwa vidole. Meno yaelekee mbele, kaza, kata. Ukitaka kukata bomba jembamba, chukua wenye meno 32 kwa inchi. Chuma kinene, 18. Ukiwa huna uhakika, 24. Hakuna spana, hakuna skrubu, hakuna kitabu cha maelekezo. Na wembe ukikatika, haujamaliza safari: mafundi viatu wengi hukata ngozi kwa kisu kilichonolewa kutoka kipande cha wembe wa msumeno uliovunjika, ukafungwa mpira wa tairi la baiskeli kama mpini. Mbunifu mwenye adabu avue kofia mbele ya kisu hicho.

Sasa tuje kwenye kubadilisha, maana hapo ndipo visu vingi vinapoaibika.

Ukitaka fundi akulaani wewe na ukoo wako, fanya hivi. Unganisha mpini vipande viwili kwa skrubu moja ndogo ya nyota. Ndani weka springi isiyoshikwa na kitu, pamoja na kidude cha plastiki ambacho mbele na nyuma yake zinafanana lakini hufanya kazi kikikaa upande mmoja tu. Fundi akifungua, springi itaruka kwenye maranda. Atapiga magoti aitafute, ataikosa, atafunga mpini bila springi, na kuanzia siku hiyo wembe utakuwa unarudi ndani kila akisukuma. Jumamosi atakuwa ameuzungushia gundi ya karatasi. Kisu chako kilichoshinda tuzo ya ubunifu sasa ni kisu kisichobadilishika, na fundi amekuwa mbunifu kuliko wewe.

Mfikirie mtu halisi. Chukua fundi jipsamu. Yuko juu ya ngazi, shingo imepinda, kope zimejaa vumbi jeupe. Kazi yake ni kuchana karatasi ya juu ya ubao kwa mkupuo mmoja ulionyooka, kuupiga ubao goti uvunjike pale palipochanwa, kisha kukata karatasi ya nyuma. Jipsamu inakula makali haraka sana. Wembe ukiwa butu, karatasi haichaniki, inararuka. Kingo inatoka na manyoya, na mwenye nyumba ataiona kila akilala chali kitandani. Huyu anabadilisha wembe mara nyingi kwa siku, mkono mmoja umeshika ubao au ngazi. Kwa ajili yake, kubadilisha kuwe kazi ya mkono mmoja na dole gumba. Meno yasihusike. Nimeona meno yakihusika, na si kitu cha kutazama.

Mtu aliyewafanyia hisani kubwa mafundi wa namna hii ni Yoshio Okada wa Osaka, Japani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akikata karatasi kwa nyembe ambazo ncha ilikuwa ikiisha haraka huku sehemu nyingine yote ikiwa nzima. Alikumbuka mafundi viatu waliotumia kipande cha kioo na kukivunja kilipokuwa butu ili kupata makali mapya, akakumbuka pia chokoleti za wanajeshi wa Kimarekani zilizokuwa na mistari ya kuvunjia. Mwaka 1956 akatoa wembe wenye mistari, unaovunjwa kipande kwa kipande. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ni OLFA, lakini umbo la wembe limekuwa la wote. Upana wa milimita 9 ni wa kazi nyepesi, kama stika za magari na karatasi. Milimita 18 ni wa maboksi, kapeti na jipsamu. Wa 18 kwa kawaida una urefu wa milimita 100, unene wa 0.5 na vipande vinane. Ncha nane kwenye wembe mmoja, na kubadilisha hakuhitaji kufungua kitu chochote!

Ukiamua kubuni kisu cha aina hii, na nakushauri uamue hivyo, yatazame kwa karibu mambo matatu.

Reli ndani ya mpini iwe ya bati la chuma lililokunjwa, liukumbatie wembe hadi mdomoni kabisa. Visu vya bei ya kutupa vina mfereji wa plastiki mtupu. Ukibonyeza kidogo ncha inacheza kushoto na kulia, na mstari ulionyooka unakuwa mto Rufiji. Shika kisu, toa wembe kipande kimoja tu, utikise kwa vidole vyenye glavu. Ukicheza, rudi mezani.

Kufuli ni la pili. Kitelezi chenye meno ni chepesi na kinatosha kwa karatasi. Kwa kazi ya kusukuma kwa nguvu, weka gurudumu la kukaza, lakini liwe kubwa vya kutosha kuzungushwa na vidole vyenye mafuta. Gurudumu dogo kama kifungo cha shati ni dhihaka kwa watu wanaofanya kazi.

Tatu ni ile kofia ndogo ya nyuma. Watu wengi wanaotumia visu hivi miaka nenda rudi hawajui kwamba ufa mwembamba ulio kwenye kofia ile umewekwa kwa kazi maalumu. Unaichomoa, unaingiza ndani ya ufa kipande cha mwisho cha wembe, upande wenye mstari ukiwa juu, unapinda kuelekea chini, na kipande kinakatika kikiwa kimeshikwa. Kwa kutojua, watu hubonyeza ncha sakafuni au ukutani, na kipande kinaruka kuelekea jicho la mtu aliyesimama jirani. Basi weka alama juu ya kofia hiyo, mchoro wa wembe unaovunjika, uliochongwa kwenye plastiki yenyewe. Na uifunge kwenye mpini kwa kiungo chochote, maana kofia isiyofungwa hupotea wiki ya kwanza na kuiacha siri yake bila mwenyewe.

Kwa kazi ngumu zaidi kuna wembe mnene wa pembe nne, mpana upande wa makali na wenye ncha pande zote mbili, ambao ukiisha makali unaugeuza. Mgongoni una vikato viwili vidogo, na ndani ya mpini kuna vijino vya kuingia kwenye vikato hivyo. Faida yake ni kwamba hauvunjiki ovyo. Hasara ni kwamba mpini wake wa kale hufunguliwa kwa skrubu. Kama ni lazima uweke skrubu, kichwa chake kiwe na mfereji mpana wa kuzungushwa kwa sarafu, maana sarafu mtu anayo mfukoni na bisibisi ameiazima jirani. Skrubu isitoke nje kabisa hata ikilegezwa. Nyembe za akiba zikae ndani ya mpini huohuo. Na kisu kikubali wembe kuwekwa kwa mkono wa kushoto pia. Wanaotumia mkono huo wapo na wana vidole kama wewe.

Hospitali ilishamaliza hoja hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1915 Morgan Parker alipata hataza ya kisu cha upasuaji cha vipande viwili: mpini wa kudumu, na wembe unaoteleza juu ya ulimi wa mpini na kujifunga wenyewe. Mpasuo wa wembe ni mpana nyuma na mwembamba mbele. Ukishateleza hadi mwisho, kisigino chake kinashuka na kukaa. Kuutoa, unainua kisigino kwa koleo na kuusukuma mbele, vidole vikiwa mbali. Hakuna skrubu hata moja. Mpini namba 3 hupokea wembe namba 10, 11 na 15. Mpini namba 4 hupokea 20 hadi 24. Muuguzi wa Mwanza na daktari wa Osaka wakitaja namba 11, wanazungumzia ncha ileile kali.

Na kabla hujaniambia kwamba hayo yote ni ya wageni, tazama shoka la kienyeji. Chuma chake kina mkia uliochongoka, unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila pigo linaukandamiza mkia uingie zaidi, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo inayokaza. Ukitaka kukitoa chuma ili kinolewe au kihunzwe upya, unageuza, unagonga ncha ya mkia inayotokeza nyuma, kinachomoka. Wahunzi wetu walikuwa na kifaa cha kubadilisha chuma bila nati wala springi, na wazo lao ni bora kuliko vifungo vingi ninavyoviona leo: elekeza nguvu ya kukata ikaze, isilegeze. Kisu kinachosukumwa kifungwe kwa namna ambayo msukumo unauingiza wembe kwenye kiti chake. Kinachovutwa, kinyume chake.

Hapa niseme pia nini usibuni. Usibuni panga la kubadilisha wembe. Usibuni kisu cha jikoni cha kubadilisha wembe. Jembe liache lilivyo. Chuma kinene kinachonoleka kwa tupa, au na mnoaji anayepita na baiskeli yake, hakikuomba msaada wako. Wembe wa kubadilisha una haki pale tu ambapo makali yanatakiwa kuwa membamba mno, au yanakufa haraka mno, au lazima yawe mapya kwa kila mtu. Misumeno mingi ya kisasa ya Kijapani ina meno yaliyokomazwa kwa umeme hata tupa haiyaumi. Inakata mbao kwa raha ya ajabu, lakini siku meno yakiisha utanunua wembe mzima. Mbali na duka linalouza wembe huo, fundi anayejua kutia meno kwa tupa ana hali nzuri kuliko mwenye msumeno wa gharama.

Kwa kinyozi, wembe mpya kwa kila mteja ni suala la afya, hasa ukimwi na homa ya ini. Kile kishikio cha nusu wembe ni kifaa rahisi: unakunja wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unakatika katikati kwa mlio mkavu, nusu inaingia kwenye mdomo wa kishikio, unafunga. Mteja aone karatasi ikifunguliwa mbele ya macho yake. Kishikio kinachochukua dakika tano kubadilishwa kitamfanya kinyozi mwenye foleni atumie nusu ileile kwa watu watatu, na lawama nitaipeleka kwanza kwa aliyekibuni.

Suala la bei lina sura ambayo wabunifu wa mezani hawaioni. Mangi hauzi kasha. Anauza moja moja. Ukipakia nyembe kumi tupu kwenye kasha la plastiki, atalifungua, nyembe zitalala kwenye kopo pamoja na misumari, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa zitapata kutu haraka. Funga kila wembe kwenye karatasi yake yenye mafuta, kama ulivyofungwa wembe wa kunyolea. Ukiwa rahisi na unapatikana mmoja mmoja, fundi ataubadilisha ukianza kuchoka. Ukiwa ghali ataukamua hadi mwisho, na wembe butu unadai nguvu. Nguvu ikizidi mkono unateleza, na kilicho mbele ya kisu mara nyingi ni mkono wa pili.

Sasa wembe uliokwisha uende wapi? Nyumba nyingi za Marekani za karne iliyopita zilikuwa na tundu jembamba ndani ya kabati la bafuni. Mtu alitumbukiza wembe, ukaanguka ndani ya ukuta. Wanaobomoa bafu hizo leo wanakutana na vichuguu vya nyembe zenye kutu. Sisi tuna jalala, na jalalani wapo watoto, mbuzi na waokota chuma chakavu. Kwa hiyo kisu chako kisitoke kiwandani bila jibu. Tengeneza kasha la akiba lenye vyumba viwili, kimoja cha wembe mpya na kingine chenye tundu la kuingiza tu, lisilotoa. Usipoweza, chapisha kwenye pakiti picha ya kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa mpasuo. Kopo la maziwa linatosha kwa mwaka mzima, na likijaa linagongwa mpasuo ukafunga.

Ukishamaliza kuchora na kuchonga mfano wa kwanza, usiwapelekee wenzako wa ofisini. Wana mikono safi na wanakupenda. Mpe fundi jipsamu, fundi kapeti, fundi viatu na kijana anayefungua maboksi Kariakoo tangu alfajiri. Paka mikono yao mafuta. Zima taa. Waambie wabadilishe wembe, nawe ukae kimya, usielekeze. Kitakachodondoka kifungwe, kitakachoulizwa kiandikwe, kitakachowakata kiondolewe. Rangi ya mpini iwe ya njano au chungwa. Kisu cheusi kilichodondoka kwenye maranda hakipatikani mpaka mtu akikanyage.

Na la mwisho, tafadhali, andika kwenye mpini kipimo cha wembe. Usitumie stika wala rangi: kichongwe ndani ya chuma au plastiki, herufi kubwa, «Wembe mm 18». Mtu atakayekiokota kisu hicho miaka mingi baadaye, boksi lake likiwa limeshachomwa, atakipeleka dukani, atakisoma kwa sauti, na atauziwa wembe.